Umeitwa kazi ya kripto? Kabla ya kutuma hata shilingi moja, ichunguze kampuni

Meseji huingia kwa WhatsApp kutoka namba usiyoijua, mara nyingi ya nchi nyingine. Picha ni ya msichana aliyevaa suti. Anakusalimia kwa heshima, anasema amepata namba yako kutoka kwa shirika la kutafutia watu ajira, na kwamba kampuni yake ya sarafu za kidijitali inatafuta watu wa kufanya kazi wakiwa nyumbani. Ni dakika 40 tu kwa siku. Malipo ni shilingi 3,000 hadi 8,000, kila siku. Uzoefu hauhitajiki. Unachohitaji ni simu nzuri, intaneti na akaunti ya pesa kwa simu.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayotuhusu sisi. Wengi wanaotupigia baada ya kuliwa kwenye kazi za namna hii hawajawahi kumiliki bitcoin hata siku moja. Walichopoteza ni karo, pesa ya chama, mkopo wa simu waliochukua usiku ili "kufungua" mshahara wao. Kripto ilikuwa jina kwenye bango tu. Pesa yenyewe ilipita kwa simu, na ikishavuka kwenda upande wa pili ikageuzwa kuwa sarafu ya kidijitali, kuirudisha huwa shughuli nyingine kabisa.

Tuseme wazi kwamba kazi za kweli zipo. Kampuni zinazouza na kubadilisha sarafu hizi huajiri watu wa huduma kwa wateja, wahasibu, wanasheria, waandishi wa programu na watu wa kukagua miamala inayotiliwa shaka. Nyingine huajiri mtu aliye Nakuru au Kisumu akafanya kazi kwa kompyuta bila kuhama. Ndiyo maana uongo huu unaaminika. Na si kila kampuni inayoanguka ilikuwa ya bandia tangu mwanzo: FTX ilikuwa na ofisi na wafanyakazi wa kweli, ikaporomoka Novemba 2022, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024. Hiyo ni hatari ya aina yake. Leo tunazungumzia zile ambazo hazina kazi yoyote ya kukupa.

Kazi ya kubonyeza

Hebu tuifuate hatua kwa hatua, kwa sababu ukishaujua mtiririko wake huwezi kuusahau.

Ukijibu ile meseji, unahamishiwa Telegram kwa "mkufunzi". Anakupa tovuti yenye jina linalofanana na la kampuni kubwa, unajisajili, kisha unapewa kazi: penda video, pigia hoteli kura, "boresha" data ya programu fulani. Ukimaliza, pesa inaingia kwa simu. Shilingi 200, au 500. Inaingia kweli. Hapa ndipo hata mtu makini hunaswa, kwa sababu tumezoea kusema tapeli ni yule asiyelipa. Huyu analipa kwanza. Kwake hiyo ni chambo, na chambo hununuliwa.

Siku ya pili au ya tatu salio lako halionyeshwi tena kwa shilingi. Linaonyeshwa kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Unaambiwa kuna kazi za daraja la juu, zenye kamisheni kubwa, ila lazima uweke kianzio. Unaweka 1,000, unarudishiwa 1,400. Unaweka 5,000. Halafu, katikati ya kazi, unapewa "kazi maalum" na salio lako linageuka hasi. Ili ulimalize zoezi utoe pesa zako, uongeze 20,000. Ukiongeza, inatokea kazi maalum nyingine ya 60,000. Ukisema huna, mkufunzi anakuelewa sana, anaweza hata kudai amekuchangia nusu kutoka mfukoni mwake. Kwenye kikundi cha Telegram watu wanapongezana na kutuma picha za pesa walizotoa. Watu hao wengi ni jamaa walewale wenye laini kadhaa.

Ukifika mwisho na kuomba kutoa, zinaanza ada. Kodi ya mapato ilipwe kwanza. Akaunti imefungwa kwa sababu ulibonyeza vibaya, ilipwe ada ya kuifungua. Alama zako za uaminifu zimeshuka hadi 80, zirudishwe 100 kwa pesa. Haina mwisho, huisha wewe unapoishiwa.

Si Kenya peke yake. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilieleza Desemba 2024 kwamba mwaka 2020 haikupokea malalamiko yoyote ya utapeli wa namna hii. Mwaka 2023 yakawa kama 5,000, na katika nusu ya kwanza tu ya 2024 yakafika kama 20,000. Wengi wa hao walikuwa wamelipa kwa kripto. Nchi yenye polisi wa mtandao na benki za kila aina imeona ongezeko hilo, kwa hivyo usijione mjinga kwa kuwa ulijibu meseji.

Salio linaloonekana kwenye tovuti yao ni tarakimu ambazo mtu amezichapa. Hakuna sarafu nyuma yake. Ni sawa na mtu akuandikie kwenye karatasi kwamba una ng'ombe kumi kwake, kisha akuambie ukanunue kamba za kuwafungia kabla hujawaona.

Kwa hivyo swali la kwanza la kujiuliza kuhusu kampuni yoyote inayodai kukuajiri halihitaji ujuzi wa teknolojia: pesa inaelekea wapi? Mwajiri hulipa mfanyakazi. Mara tu mfanyakazi anapoambiwa alipe ada ya usajili, ya mafunzo, ya beji, ya bima, ya kufungua mshahara, au aweke kianzio cha sarafu, uhusiano umegeuka. Hata kama ni 300. Hasa ikiwa ni 300, kwa sababu kiasi kidogo ndicho kinachopima kama wewe ni mtu wa kutuma.

Ukiajiriwa kupokea pesa za watu wengine

Kazi ya pili hatukuambii ni mbaya kuliko ya kwanza kwa hasara. Pengine hutapoteza hata senti. Lakini hii ndiyo inayoweza kukufikisha kituo cha polisi, na ndiyo inayotusumbua sana sisi kama kampuni ya malipo.

Tangazo huita kazi hii msimamizi wa malipo, afisa wa fedha wa kanda, au wakala wa kubadilisha sarafu. Kampuni inasema ina wateja Kenya wanaotaka kuweka pesa, ila bado haijafungua namba yake ya paybill. Kwa hivyo watakuwa wakituma kwa namba yako. Wewe utatoa asilimia 2 au 3 yako, zilizobaki ununue USDT kwa wauzaji wa mtandaoni, uzitume kwenye anwani ya pochi utakayopewa. Pesa inaingia tu. Hakuna kianzio, hakuna ada, hakuna chochote cha kukushtua.

Sasa jiulize hao "wateja" ni nani. Ni watu wale tuliowaeleza hapo juu, walioambiwa waongeze 20,000 wamalize kazi maalum. Namba waliyopewa ya kutumia pesa ni yako.

Na kwa nini wanakuhitaji wewe? Kwa sababu pesa kwa simu ina vipimo. Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku huwezi kupitisha zaidi ya 500,000. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Genge linalotaka kupitisha mamilioni bila majina yake kuonekana linahitaji laini nyingi za watu wengi wenye historia safi: mwanafunzi wa chuo, mama wa duka, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Ndiyo maana wengine hawakuombi hata ufanye kazi. Wanakuomba uwakodishie laini yako kwa 1,500 kwa wiki.

Aliyetapeliwa akituripoti, kumbukumbu zinaonyesha jina lako. Hazionyeshi la mkufunzi wa Telegram, wala la kampuni. Akaunti inaweza kuzuiliwa wakati uchunguzi unaendelea, na haizuiliwi ile pesa ya utapeli peke yake. Pesa yako ya kodi ya nyumba iko humo humo. USDT ulizonunua zimekwisha kwenda. Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kupambana na Utakatishaji wa Pesa ya mwaka 2009 inamhusu pia anayesaidia kuhamisha pesa za uhalifu, na kusema "mimi niliajiriwa tu" ni maelezo utakayoyatoa ukiwa tayari umeitwa na mpelelezi.

Kuna watu wanaouza na kununua USDT kwa njia halali, na hatutaki kuwachanganya na hawa. Tofauti ni hii: mfanyabiashara huyo anatumia mtaji wake mwenyewe, anauza sarafu zake mwenyewe, na akiwa makini hukataa malipo yakitoka kwa jina lisilolingana na la mnunuzi. Wewe ukiajiriwa kupokea pesa za watu usiowajua na kuzipeleka kwa watu usiowajua, huna mtaji wala mteja. Una jina tu, na ndilo linalouzwa.

Intavyu inayokuja na programu ya kupakua

Huu ni utapeli wa watu waliosoma, na umewapata waandishi wa programu wazoefu.

Mwanzoni mwa 2025 kampuni iliyojiita ChainSeeker.io ilitangaza nafasi za kazi kwenye LinkedIn, WellFound na CryptoJobsList. Matangazo mengine yalikuwa yamelipiwa ili yaonekane juu. Tovuti ilikuwa nzuri, kulikuwa na akaunti za wafanyakazi. Aliyeomba kazi alipata barua pepe ya kumwalika kwenye mahojiano, akaelekezwa Telegram kwa "mkuu wa masoko", na huyo akamwambia mahojiano yatafanyika kwa programu ya video inayoitwa GrassCall, aipakue kwa namba maalum. Programu hiyo ilikuwa mwizi. Iliiba nywila na funguo za pochi za sarafu kutoka kwenye kompyuta, iwe ya Windows au Mac. Waliofanya hivyo walitajwa kuwa kundi linaloitwa Crazy Evil, na mamia ya watafuta kazi walinaswa. Kampuni yenyewe haikuwahi kuwepo.

Tunaitaja kwa sababu moja: tangazo kuwa kwenye mtandao maarufu wa kazi halithibitishi chochote. Mtandao huo umepokea ada ya tangazo, haujatembelea ofisi.

Kwa waandishi wa programu mtego hubadilika kidogo. Unapewa "mtihani wa kazi", upakue msimbo kutoka GitHub uurekebishe na kuuendesha kwenye kompyuta yako. Watafiti wa usalama wa kampuni ya Palo Alto Networks waliieleza mbinu hiyo Novemba 2023 na kuihusisha na wadukuzi wa Korea Kaskazini. Hata kampuni kubwa zimeumia kupitia mfanyakazi mmoja anayetafuta kazi nyingine. Machi 2022 mfumo wa Ronin unaotumiwa na mchezo wa Axie Infinity uliibiwa sarafu za thamani ya zaidi ya dola milioni 600. FBI ilisema waliohusika ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini, na baadaye vyombo vya habari vikaripoti kwamba mlango ulifunguliwa na ofa ya kazi ya uongo aliyotumiwa mhandisi, ikiwa faili la PDF.

Kwa simu mambo ni hayo hayo. Ukiambiwa upakue programu ya kampuni kwa kiungo cha WhatsApp badala ya Play Store au App Store, kataa. Programu kama hiyo ikipewa ruhusa ya kusoma SMS au ruhusa ya ufikivu, inaweza kuona ujumbe wetu wa uthibitisho kabla yako. Ukiombwa uonyeshe skrini wakati wa mahojiano, usifungue programu ya pesa ukiwa bado unaonyesha. Na kama una pochi ya sarafu, yale maneno 12 au 24 ya kuirejesha hayaombwi na mwajiri yeyote, kwa sababu yoyote, kama vile sisi tusivyokuomba PIN.

Ofa ya kusafiri

Hii tutaieleza kwa ufupi ingawa ndiyo nzito kuliko zote. Wakenya na Waganda wamechukuliwa kwa ahadi ya kazi ya huduma kwa wateja au ya kompyuta nchini Thailand, tikiti ikalipiwa, kisha wakavushwa mpaka usiku hadi Myanmar, eneo la Myawaddy, wakanyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kuandika meseji za utapeli wa kripto kwa wageni. Wizara ya Mambo ya Nje imekuwa ikitoa tahadhari tangu 2022. Yaani yule msichana wa suti kwenye picha ya WhatsApp huenda ni kijana wa Kiambu au Mbale aliyefungiwa ndani.

Shirika lolote la kukupeleka kazi nje lazima lisajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha ya yaliyosajiliwa iko kwenye tovuti yao. Litafute kwa jina kamili. Ukiambiwa usafiri kwa viza ya utalii na kazi utaandikishwa huko huko, usipande hiyo ndege.

Kuichunguza kampuni ukiwa na simu tu

Wacha sasa tuseme ofa haijaomba pesa, haijaomba laini, haijakupa programu. Inaonekana safi. Una jioni moja ya kuichunguza, na inatosha.

Anza na leseni, kwa kuwa hapa Kenya mambo yamebadilika na matapeli wengi hawajapata habari. Kwa miaka mingi hakukuwa na leseni ya biashara ya sarafu za kidijitali nchini. Benki Kuu, CBK, ilikuwa imeonya umma kuhusu sarafu hizo tangu Desemba 2015. Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2025 na kuanza kutumika Novemba mwaka huo. Wasimamizi ni CBK na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Novemba hiyo hiyo walitoa tangazo kwamba hakuna kampuni iliyokuwa imepewa leseni chini ya sheria hiyo hadi wakati huo. Kwa hivyo kampuni ikikuonyesha cheti kinachosema ilipewa na CBK leseni ya kripto mwaka 2021 au 2023, huhitaji kukichunguza muhuri. Leseni hiyo haikuwepo. Kwa sasa, usitegemee cheti ulichotumiwa. Ingia kwenye tovuti za CBK na CMA utafute jina mwenyewe.

Usajili wa kampuni ni kitu kingine, na wengi huuchanganya na leseni. Cheti cha usajili kinasema tu kwamba jina limeandikishwa. Uingereza, kusajili kampuni mtandaoni kuligharimu pauni 12 hadi Aprili 2024, ndipo ikapanda hadi 50. Pauni 12! Ndiyo maana kampuni nyingi za utapeli zilijivunia anwani ya London. Ukiambiwa zimesajiliwa Marekani kama biashara ya huduma za pesa, ujue kwamba idara ya FinCEN inayoweka orodha hiyo yenyewe hueleza kuwa usajili huo si pendekezo wala hakikisho. Kwa kampuni ya Kenya, unaweza kuomba taarifa zake kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, kupitia eCitizen. Hati ya CR12 inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Linganisha majina hayo na ya waliokupigia, na tarehe ya kusajiliwa na hadithi waliyokupa. Kampuni "yenye uzoefu wa miaka tisa" iliyosajiliwa mwezi uliopita imejijibu yenyewe.

Tovuti nayo ina umri. Tafuta huduma ya WHOIS kwenye intaneti, andika jina la tovuti, utaona lilisajiliwa lini. Soma anwani herufi kwa herufi, kwani matapeli hupenda kujificha nyuma ya kampuni kubwa: jina ni Coinbase au Binance, lakini mwishoni kuna kistari na neno la ziada, kama "careers" au "africa" au namba. Ukitumiwa ofa kwa jina la kampuni inayojulikana, usibonyeze kiungo walichokutumia. Fungua tovuti rasmi mwenyewe, uingie ukurasa wa kazi, uone kama nafasi hiyo ipo. Barua pepe itoke kwa anwani ya kampuni. Afisa wa ajira wa kampuni ya kimataifa anayetumia Gmail na kukuhamishia Telegram ndani ya dakika tano ana haraka ya kuondoka mahali anapoweza kuonekana.

Watu wake je? Chukua picha za wakurugenzi, uzitafute kwa Google kwa picha. Ukikuta "mkurugenzi mkuu" ni mwanamitindo wa picha za kuuza, au ni daktari wa meno wa nchi nyingine, umemaliza. Akaunti ya LinkedIn yenye wiki tatu, marafiki kumi na hakuna aliyewahi kufanya kazi naye, pia ni jibu. Ikiwa kuna mtu anayedai kufanya kazi hapo, mwandikie kando, nje ya kikundi walichokuweka, umuulize kitu ambacho mfanyakazi tu angekijua: analipwaje, bosi wake ni nani, mkataba wake unasemaje.

Mkataba wenyewe usipuuzwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, ukiwa na jina la mwajiri, kazi, mahali na malipo. Kampuni ya kweli itakuuliza namba yako ya KRA. Itakuhoji kwa muda, itauliza maswali magumu, na inaweza kukukataa. Hili huwa tunalirudia kwa vijana: kazi ambayo haiwezi kukukataa haijakuchagua. Ukipewa ofa bila mtu kuuliza unajua nini, kuna kitu kingine wanachokitaka kwako.

Swali la mwisho ni la biashara yao: wanauza nini, na nani ananunua? Kampuni halisi ya kubadilisha sarafu hupata ada kwenye miamala. Ukiuliza ukajibiwa kwamba mshahara wako utapanda kadiri unavyoleta watu, basi bidhaa ni hao watu. OneCoin ilianza 2014 ikiuzwa hivyo, ikafika hadi vijiji vya Uganda, ambako watu waliuza mifugo na kuwaingiza jamaa zao. Haikuwa na sarafu ya kweli nyuma yake. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017 na tangu Juni 2022 yumo kwenye orodha ya FBI ya watu kumi wanaotafutwa sana. Mwenzake Karl Greenwood alihukumiwa miaka 20 mwaka 2023. Kwa Wakenya waliokuwa watu wazima wakati wa miradi ya upatu ya 2006 na 2007, hadithi hii haina jipya isipokuwa neno kripto.

Kama umeshatuma

Acha kutuma. Hata ukiambiwa imebaki ada moja tu na pesa zote zitoke, ni hivyo hivyo.

Tupigie huduma kwa wateja dakika hiyo, kabla ya kumalizana na mkufunzi, kabla ya kumtukana. Pesa ikiwa bado imekaa kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna uwezekano wa kuizuia wakati malalamiko yanashughulikiwa. Ikishatolewa kwa wakala au kununuliwa sarafu, hatuna cha kushika. Tofauti kati ya hizo mbili inaweza kuwa dakika kumi. Badilisha PIN, na kama ulipakua programu yao, iondoe na ubadilishe nywila za barua pepe na benki ukitumia simu nyingine.

Usifute mazungumzo hata kama yanakuaibisha. Piga picha za skrini, weka namba za miamala, namba za simu, jina la kikundi na anwani ya tovuti. Ikiwa ulituma USDT, nakili anwani ya pochi uliyotumia na namba ya muamala kwenye mtandao wa sarafu hiyo, maana kampuni ya Tether inayoitoa USDT huweza kuzifungia sarafu kwenye pochi fulani ikiombwa na vyombo vya sheria, lakini bila anwani hakuna wa kufungiwa. Nenda kituo cha polisi upate namba ya OB. DCI wana laini ya bure ya kuripoti, 0800 722 203.

Atatokea mtu wa kukuambia anaweza kurudisha pesa zako kwa ada kidogo. Wengine hujiita wanasheria, wengine wadukuzi wazuri, wengine hata hutumia jina letu. Mara nyingi ni genge lile lile, na wana orodha ya walioliwa.

Na kama wewe ndiye uliyekuwa ukipokea pesa za "wateja", usikimbie na usijaribu kuzirudisha mwenyewe kwa namba utakayopewa. Hiyo namba nayo inaweza kuwa ya kwao. Acha zilipo. Usizitoe, usizibadilishe. Tupigie ueleze ulivyoajiriwa, na uwe na meseji zako mkononi.